Reli ya ngazi: Ikague kama mzigo kabla fundi hajavuka mpaka

Namanga. Katika miji ya mpakani, nyumba ya ghorofa hujengwa kwa misimu. Msimu wa biashara nzuri husimamisha nguzo, mwingine humwaga slabu, na unaofuata huezeka. Kuanzia Namanga hadi Busia, Mutukula, Rusumo na Tunduma, nyumba nyingi za wafanyabiashara zinafanana: duka au stoo chini, familia juu, na kati yake ngazi ya zege.

Mara nyingi familia huhamia kabla nyumba haijaisha. Uamuzi huo una hesabu zake. Kodi ya nyumba ya kupanga inakula mtaji, na mlinzi wa saiti naye anataka mshahara. Maji yakifika, umeme ukivutwa na milango ikifungwa, watu wanaingia. Vigae, dari na rangi vitafuata biashara ikichangamka. Reli ya ngazi nayo huwekwa kwenye orodha hiyo hiyo ya vitakavyofuata.

Hapo ndipo hesabu inapokosewa. Rangi inaweza kusubiri mwaka mzima bila kumuumiza mtu. Ngazi iliyo wazi upande mmoja hupandwa na kushukwa kila siku na mtoto anayejifunza kutembea, bibi aliyekuja mjini kwa ajili ya kliniki, mama mwenye beseni la nguo, na kijana anayeshusha katoni alfajiri ili awahi gari.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa watu 684,000 hufa duniani kila mwaka kwa kuanguka, na zaidi ya asilimia 80 ya vifo hivyo hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Miongoni mwa ajali zinazoua, kuanguka ni sababu ya pili baada ya ajali za barabarani. Si wote hao walianguka ngazini. Lakini ndani ya nyumba, ni sehemu chache ambapo mguu ukiteleza kidogo tu mtu anaweza kushuka karibu mita tatu juu ya kona za zege.

Kwa mfanyabiashara anayevuka mpaka, hasara haiishii hospitali. Yeye ndiye anayejua bei za upande wa pili, ndiye anayeaminiwa na wateja, na ndiye anayesimama foleni ya forodha. Hana likizo ya ugonjwa. Akivunjika nyonga au kifundo cha mguu, marejesho ya kikundi yanaendelea kudaiwa huku yeye yuko kitandani.

Mkono unatafuta nini

Reli nyingi huchaguliwa kwa macho. Mwenye nyumba huonyeshwa picha kwenye simu, huchagua inayong'aa, na fundi hukadiria bei kwa mita. Kazi halisi ya reli husahaulika: kushikwa na mtu ambaye tayari ameanza kuanguka.

Mtu anapoteleza, hana muda wa kutafuta. Mkono unanyooka kuelekea mahali unapotarajia kukuta kitu, na vidole vinapaswa kukizunguka na kukutana na dole gumba. Kitu kikiwa kinene mno, kiko chini mno au kimekatika katikati, mkono utakigusa lakini hautakishika.

Ndiyo maana kanuni za ujenzi zinazotajwa sana duniani zinazungumzia mkono kwanza. Kanuni ya mfano ya nyumba za makazi ya Marekani inataka kishikio cha mviringo kiwe na kipenyo cha kati ya milimita 32 na 51. Bomba la inchi mbili, ambalo mafundi wengi wa kanda hii hulitumia kama kishikio cha juu, lina takriban milimita 51, yaani liko kwenye ukomo wa juu. Bomba la inchi moja na nusu, lenye milimita 38, hushikika vizuri zaidi kwa mkono wa mwanamke, mzee au mtoto.

Bomba la pembe nne la inchi tatu kwa tatu linaonekana imara, lakini kiganja hakilizunguki. Vivyo hivyo ubao mpana wa mninga uliolazwa juu ya vyuma. Unapendeza na mtu anaweza kuuegemea, ila hauna pa kushika. Seremala anaweza kuuokoa kwa kuchonga mfereo pande zote mbili ili vidole vipate kuingia, au kwa kufunga kishikio chembamba pembeni mwake.

Reli ikifungwa ukutani, kanuni hiyo ya Marekani inataka nafasi isiyopungua milimita 38 kati ya ukuta na kishikio. Vidole vinahitaji nafasi hiyo, hasa pale ukuta ulipopigwa lipu ya kukwaruza.

Sentimita 90

Urefu nao una kipimo chake. Mwongozo wa ujenzi wa Uingereza unataka kishikio kiwe kati ya sentimita 90 na 100, kikipimwa wima kutoka kwenye ukingo wa kipandio. Kanuni ya mfano ya Marekani inasema inchi 34 hadi 38, ambazo ni takriban sentimita 86 hadi 97. Reli ya sentimita 90 hadi 95 inaingia katika vipimo vyote viwili.

Kipimo hicho hupotea kirahisi kwa sababu moja. Fundi wa kuchomea huja ngazi ikiwa zege tupu, anapima sentimita 90, anachomea na kuondoka. Baadaye fundi vigae anaongeza saruji ya kusawazisha na vigae juu yake. Tabaka hizo zikifika sentimita tano, reli iliyokuwa sentimita 90 imebaki 85. Tatizo hilo hilo huharibu kipandio cha kwanza na cha mwisho, ambavyo huishia kuwa virefu au vifupi kuliko vingine. Mguu uliokwisha kuzoea urefu mmoja hujikwaa hapo.

Dawa ni kupanga kazi kwa utaratibu. Mwashi, fundi vigae na fundi wa reli wakubaliane mapema sakafu iliyokamilika itafika wapi, na alama ipigwe ukutani. Vipimo vyote vianzie kwenye alama hiyo.

Reli pia inapaswa kuanza kwenye kipandio cha kwanza na kufika cha mwisho bila kukatika. Nguzo ya pambo inayosimama katikati na kuulazimisha mkono uachie kisha ushike upya inaondoa faida ya reli mahali hapo. Ncha za reli zirudishwe ukutani au zimalizikie kwenye nguzo. Ncha iliyoachwa wazi hunasa mkono wa kanzu, ukingo wa baibui au kamba ya mkoba, na kumvuta mtu akiwa tayari anashuka.

Kuhusu upande, mwongozo wa Uingereza unaruhusu reli moja kwa ngazi yenye upana wa chini ya mita moja, na unataka reli pande zote mbili kwa ngazi pana zaidi. Nyumba yenye mzee au mtu aliyepata kiharusi inahitaji mbili hata kama ngazi ni nyembamba. Mwenye mkono mmoja wenye nguvu hupanda reli ikiwa upande wa mkono huo. Akigeuka kushuka, reli hiyo hiyo iko upande wa mkono dhaifu.

Nafasi anayopita mtoto

Mtu mzima hutegemea kishikio. Mtoto hulindwa na vyuma vilivyo chini yake, na hapo kipimo ni sentimita 10. Mwongozo wa Uingereza unasema tufe la milimita 100 lisiweze kupita popote kwenye uzio wa ngazi iwapo watoto wa chini ya miaka mitano wanaweza kuwamo nyumbani. Mwili wa mtoto mdogo unaweza kupenya kwenye nafasi iliyo kubwa zaidi huku kichwa kikikwama.

Kipimo hiki hakihitaji kifaa maalumu. Ubao wa mbili kwa nne uliobaki saiti una upana wa takriban sentimita 10. Upande wake mpana ukipita kati ya vyuma viwili, nafasi hiyo ni kubwa mno.

Mtindo unaoenea sasa ni wa mabomba membamba yanayolala, matatu au manne, kutoka nguzo hadi nguzo. Kwa mtoto wa miaka mitatu hiyo ni ngazi ya kupandia. Mwongozo wa Uingereza unaonya dhidi ya uzio ambao watoto wanaweza kuukwea. Vyuma vinavyosimama wima ni salama zaidi, na havimnyimi fundi nafasi ya kuonyesha ufundi wake.

Ukingo wa sakafu ya juu, pale ngazi inapotokea, usiachwe nje ya bajeti. Ndani ya nyumba ya familia moja, mwongozo huo unataka uzio wa sentimita 90 kwenye ukingo huo, na sentimita 110 kwenye roshani ya nje.

Bomba la kilo sita na la kilo tisa

Mabomba ya chuma kisichoshika kutu, ambayo wengi huyaita stenlesi, huuzwa Gerezani jijini Dar es Salaam na Kamukunji jijini Nairobi, na hufikia karakana za Katwe mjini Kampala na Gakinjiro mjini Kigali. Kwa macho, mabomba mawili yanaweza kufanana kabisa huku moja likiwa na nusu ya nguvu ya mwenzake.

Mizani ndiyo inayosema ukweli. Bomba la inchi mbili lenye urefu wa mita sita na unene wa milimita 1.2 lina uzito wa takriban kilo tisa. La ukubwa huo huo lenye unene wa milimita 0.8 lina takriban kilo sita. Mnunuzi aliyelipia la kwanza na kupewa la pili amepoteza theluthi moja ya chuma chake, na bomba litabonyea pale nguzo inapokutana na kishikio.

Daraja la chuma nalo lina maana. Daraja la 304 lina takriban asilimia 18 ya kromiamu na asilimia nane ya nikeli. Daraja la 201 lina nikeli kidogo zaidi na manganizi zaidi. Bei yake ni nafuu, lakini huwahi kushika kutu, hasa penye unyevu. Kwa Mombasa, Tanga au Zanzibar, ambako upepo una chumvi, daraja la 316 linastahimili zaidi kwa sehemu zilizo wazi. Sumaku haiwezi kutenganisha 201 na 304, kwa hiyo muuzaji anayetumia sumaku kama ushahidi hajathibitisha kitu. Daraja na unene viandikwe kwenye risiti.

Wanaovusha mabomba hayo kwa ajili ya kuuza wakumbuke jambo moja. Utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, unaomwezesha mfanyabiashara mdogo kutumia cheti rahisi cha uasili kwa mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani, ni wa bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya na zilizo kwenye orodha iliyokubaliwa. Bomba lililotengenezwa China haligeuki kuwa la Afrika Mashariki kwa sababu limenunuliwa Kariakoo. Mbao za mninga, mvule au mkangazi nazo husafiri na vibali vya misitu, na kwa upande wa Tanzania hilo ni eneo la Wakala wa Huduma za Misitu (TFS).

Chini ya kofia

Reli nyingi hulegea kwenye kitako, si juu. Nguzo ya stenlesi husimama juu ya bamba lililofungwa kwa bolti, kisha bamba hilo hufunikwa na kofia inayong'aa. Chini ya kofia kunaweza kuwa na bolti nne zilizoingia vizuri kwenye zege, au skrubu mbili zilizoshika plagi za plastiki ndani ya kigae. Kofia ikishawekwa, mwenye nyumba hawezi kutofautisha.

Kwa hiyo kofia zibaki juu hadi mwenye nyumba aone. Bolti zipite kigae na saruji ya kusawazisha na kushika zege lenyewe, mbali na ukingo unaoweza kumeguka. Pale inapowezekana, mabamba ya chuma yazikwe kwenye zege wakati ngazi inamwagwa ili nguzo zichomewe juu yake baadaye. Kazi hiyo ni ndogo ikikumbukwa mapema na ni ghali ikisahaulika.

Kanuni ya mfano ya Marekani inataka reli ihimili nguvu ya ratili 200 ikisukumwa mahali popote, yaani takriban kilo 90. Ni sawa na uzito wa gunia moja la mahindi kama linavyohesabiwa Kenya. Mtu mzima anayeanguka hutupa uzito wa namna hiyo kwenye nguzo moja kwa ghafla.

Sheria ni ya nyumba ilipo

Soko la pamoja la Jumuiya, ambalo itifaki yake ilianza kutumika Julai 2010, limerahisisha mafundi kufuata kazi upande wa pili. Ramani inaweza kuchorwa Arusha, nyumba ikajengwa Kajiado na reli ikachomewa na kijana kutoka Kampala. Makubaliano ya kutambuana kitaaluma yaliyopo yanawahusu wahandisi na wasanifu majengo. Hayamhusu fundi wa kuchomea, na mara nyingi huyo ndiye anayeamua reli iwe na urefu gani.

Kila nchi ina mlango wake. Kenya ilizoea kanuni za ujenzi za 1968 zilizofuata mkondo wa Kiingereza, hadi zilipochukuliwa nafasi na Kanuni za Taifa za Majengo za 2024. Uganda ina Sheria ya Udhibiti wa Majengo ya 2013, iliyounda Bodi ya Taifa ya Mapitio ya Majengo. Rwanda ina kanuni za mipango miji na ujenzi zilizotolewa kwa agizo la waziri mwaka 2019. Tanzania hutoa kibali cha ujenzi kupitia halmashauri, huku wasanifu, wahandisi na makandarasi wakisajiliwa na bodi zao.

Kinachotawala ni nchi ilipo nyumba, si alikotoka fundi. Vipimo vya Uingereza na Marekani vinasaidia kama mizani ya kulinganishia, lakini afisa wa majengo wa kaunti, wilaya au halmashauri ndiye mwenye neno la mwisho mahali hapo. Aulizwe kabla ya zege kumwagwa. Iwapo vyumba vya juu vitapangishwa, au wateja watapanda kuona bidhaa, aambiwe hilo pia, kwa sababu ngazi inayotumiwa na umma hudaiwa masharti mazito kuliko ya familia moja.

Wakati pesa haijatimia

Kwa familia ambayo tayari imehamia na mfuko umekauka, kuna la kufanya leo. Mirunda iliyoshikilia slabu inaweza kusimamishwa kutoka sakafuni hadi dari ya juu, ikakazwa na kuunganishwa kwa ubao uliopigwa randa kwenye urefu wa sentimita 90, na mwingine katikati. Haipendezi, lakini inazuia. Penye mtoto mdogo, kigeti cha mbao kiwekwe juu na chini ya ngazi.

Taa nayo ni sehemu ya usalama huo. Swichi ya njia mbili humwezesha mtu kuwasha akiwa chini na kuzima akiwa juu. Na katoni zigawanywe ili mkono mmoja ubaki huru, kwani reli bora haiwezi kumsaidia mtu aliyekumbatia mzigo kwa mikono yote miwili.

Kabla ya malipo ya mwisho

Hakuna mfanyabiashara anayesaini kupokea mzigo bila kuhesabu katoni. Reli ya ngazi inastahili ukaguzi uleule, na wakati wake ni kabla ya fungu la mwisho la pesa kutoka. Fundi akishapanda basi kurudi upande wa pili wa mpaka, kumrudisha kwa ajili ya nguzo moja inayotikisika ni kazi nyingine.

Ukaguzi wenyewe hauchukui nusu saa. Futi ya kupimia iwekwe kwenye ukingo wa kipandio cha kwanza, cha katikati na cha mwisho. Kiganja kizunguke kishikio kuanzia chini hadi juu bila kuachia. Ubao wa mbili kwa nne ujaribiwe kwenye kila nafasi. Kofia ziinuliwe na bolti zihesabiwe. Kisha mtu mzima mwenye uzito wake asukume kila nguzo kwa bega, moja baada ya nyingine.

Mwisho, giza likiingia, taa izimwe na mkubwa wa familia apande na kushuka taratibu akiwa ameshika reli, na mtu akimfuata nyuma. Mkono wake ukifika chini bila kupoteza njia, fundi alipwe chake.